Kumlisha aliyepata kiharusi asipaliwe: hatua kwa hatua

Mgonjwa akirudishwa nyumbani kutoka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, kitu cha kwanza anachopewa na ndugu ni maji. Kwa koo lililodhoofika, hakuna kigumu kuliko hicho. Tunapomeza, koromeo hupanda, kidakatonge hufunika njia ya hewa na tonge hupita kwenye umio, yote kwa takriban sekunde moja. Kiharusi huchelewesha kazi hiyo. Uji mzito hushuka taratibu na kulingoja koo. Maji yameshafika kabla mlango haujafungwa.

Mwongozo huu ni wa kumlishia nyumbani mtu aliyekwisha kupimwa umezaji hospitali na kuambiwa uzito wa chakula na kinywaji anaoumudu. Kama kiharusi kimetokea leo, asitiwe chochote kinywani, hata kidonge, hata kijiko cha zamzam, mpaka apimwe.

1. Kinywa na sauti

Awe macho kabisa, anayesinzia halishwi. Mswaki kwanza: laini, dawa kidogo, usugue meno, ulimi na kaakaa. Wengi huona ni kazi bure kumpigisha mswaki mtu asiyekula, kumbe ndiye anayeuhitaji zaidi. Mate yake yakiteleza kwenda mapafuni hubeba bakteria wa kinywa, na hapo ndipo nimonia huanza.

Kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, kama ya mtu anayeongea huku anasukutua, kuna mate au chakula juu ya nyuzi za sauti. Akohoe, ameze, aseme tena. Majimaji yasipoisha, ahirisha mlo.

2. Mkao

Kiti chenye mgongo ulionyooka, nyonga nyuzi 90, miguu ikanyage sakafu au kigoda, mto upande uliolegea. Mkekani kwa kuegemea ukuta hakufai: kiuno huteleza, kidevu huinuka, na kidevu kikiinuka njia ya hewa huwa wazi zaidi. Anayelisha naye akae. Ukisimama, mgonjwa atakutazama juu. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza huwasaidia baadhi na kuwadhuru wengine, kwa hiyo fanya kama tu mtaalamu wa usemi na umezaji ameagiza.

3. Kupima uzito

Kipimo cha kimataifa cha wepesi na uzito wa vinywaji na vyakula vya wenye shida ya kumeza, IDDSI, kina ngazi 0 (kama maji) hadi 7 (chakula cha kawaida). Kwa kinywaji unahitaji bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake. Pima kwa rula, alama za 0 hadi 10 ziwe na urefu wa milimita 61.5, maana bomba la umbo jingine hutoa jibu jingine. Chomoa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, ni sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni ngazi ya 1, kati ya 4 na 8 ya 2, zaidi ya 8 ya 3. Isiposhuka kabisa ni ya 4: hiyo ijaribu kwa kijiko, ukikiinamisha idondoke kwa mkupuo bila kunata.

Uji una ujanja wake. Ukipoa huwa mzito, kwa hiyo upime ukiwa na joto lile la kunywewa. Mate nayo huvunja wanga: kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini mara kadhaa, uji ulioanza mzito unaishia majimaji. Mimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine na bakuli kubwa lisiguswe.

4. Chakula cha kwetu

Bokoboko (ngano iliyopikwa na nyama) lililopondwa laini ni zuri sana. Boga, viazi au muhogo wa nazi usio na nyuzi, parachichi, papai bivu: ponda, chuja. Kwa ngazi ya 5, vipande vipite kwenye nafasi za meno ya uma, yaani milimita 4. Samaki awe mnofu uliochambuliwa kwa vidole, ukapondwa na tui zito.

Epuka kinachokuja kwa uzito wa aina mbili. Tonge la ugali na mchuzi mwepesi: mchuzi unatangulia kooni, ugali umenata kaakaani. Chungwa la Muheza hupasuka maji huku nyama yake ikibaki mdomoni. Dafu na nyama yake, vivyo hivyo. Wali mkavu hutawanyika, tende hunata.

5. Kijiko

Nusu kijiko cha chai, upande wenye nguvu. Tazama kifundo cha koo: kiinuke, kishuke, kisha aongeze mmezo mmoja mkavu, yaani bila chakula. Chungulia shavu lililolegea, chakula hujificha humo. Redio izimwe, maswali yasubiri. Ikipita nusu saa, simamisha, misuli imechoka. Baadaye akae wima dakika 30. Usimsukumie uji mdomoni kwa bomba, kwani humpi nafasi ya kujiandaa.

Vidonge usiponde kabla ya kumuuliza mfamasia: vile vya kutoa dawa polepole vikisagwa humwaga dozi yote kwa pamoja.

6. Akipaliwa

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, na asipewe maji ya kushushia. Akishindwa kukohoa, kutoa sauti au kupumua, mwinamishe, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, kisha msukumo 5 juu ya kitovu, ndani na juu. Rudia huku mwingine akitafuta msaada.

Wapo wanaopaliwa kimya, bila kikohozi. Homa inayokwenda na kurudi, pumzi za haraka, kupungua uzito: mrudishe hospitali akapimwe upya.

7. Usemi

Kiharusi huweza kugusa usemi pia. Ulimi mzito, maneno yakiwa yamekaa sawa, ni disathria. Afasia ni kupotelewa na maneno yenyewe. Mara nyingi huandamana na kupooza upande wa kulia. Mwenye afasia huweza kuisoma Alhamdu yote au kuhesabu hadi 10, halafu akashindwa kuomba maji. Hajifanyi: yaliyokaririwa hutoka kwa njia nyingine. Uliza swali moja la ndiyo au hapana, ngoja sekunde 10, usimmalizie neno. Jaribu na Kisambaa au Kidigo kama ndiyo lugha ya kwanza, maana lugha mbili si lazima zirudi pamoja. Chora kikombe, choo, kitanda na dawa kwenye kadi ya manila, uishike upande anaoona vizuri, kwa sababu kiharusi huweza kufuta nusu ya anachokiona.