Kuchora mwili wa binadamu: dakika 25 kila siku

Tumia penseli ya 2B na karatasi za bei rahisi, usije ukazionea huruma. Anza na michoro 10 ya sekunde 30: mkunjo wa mgongo, mwinamo wa mabega, mwinamo wa nyonga, basi. Uso usiuguse. Kisha mitano ya dakika 2, na mmoja wa dakika 10.

Anayesimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Wengi huchora mabega na nyonga sambamba, mtu akakauka kama mlingoti. Shusha mstari wima kutoka shimo la koo; usipofika karibu na kisigino cha mguu uliobeba uzito, mtu wako anaanguka.

Kichwa nacho hupenda kuzidi. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa vyake 7 na nusu. Pima kwa penseli, jicho moja limefumbwa, mkono umenyooka. Ukiukunja, kipimo kinabadilika.

Wa kuchora wamejaa kwenye viti vya bustani ya Jeevanjee, Nairobi, na foleni za matatu. Foleni ndiyo bora, maana waliochoka hubadilisha mguu kila mara. Akisogea, anza mwingine. Usimalizie kwa kubuni.