Somo: Kusoma picha ya Behzad pamoja na mashairi yake

Ukifungua picha ndogo za Kiajemi, usianze na rangi. Anza na shairi, kwa sababu picha hizi zilichorwa ndani ya vitabu vya mashairi. Tutumie ile ya Nabii Yusuf akimkimbia Zulekha, mke wa bwana wake anayemtaka kimapenzi. Aliichora Behzad, mchoraji wa Kiajemi, mjini Herat (Afghanistan ya leo) mwaka 1488, katika nakala ya Bustani, kitabu cha mashairi cha Saadi.

Hatua ya 1: Soma kisa. Saadi, aliyemaliza Bustani mwaka 1257, anakipitia kwa beti chache. Zulekha anaufunika uso wa sanamu anayoiabudu, isimwone. Yusuf anamjibu: wewe unalionea haya jiwe, mimi nisimwonee haya Mola?

Hatua ya 2: Itafute sanamu hiyo pichani. Haipo! Utakuta kasri zima, ngazi zikipanda kwa kupindapinda na milango imefungwa. Kasri hilo ni la Jami, mshairi wa Herat aliyekuwa bado hai. Katika utenzi wake wa 1483, Zulekha anampitisha Yusuf vyumba saba, akifunga kila mlango nyuma yao. Beti za Saadi zimo katika visanduku vyake; za Jami zimeandikwa kwenye jengo lenyewe. Kitabu ni cha mmoja, picha imeelemea kwa mwingine, na kwangu mimi hapo ndipo Behzad alipoonyesha ufundi.

Hatua ya 3: Panda kwa jicho kutoka chini hadi chumba cha juu kulia. Zulekha, mwenye nguo nyekundu, amepiga magoti akimshika Yusuf. Yusuf amevaa kijani, mwali wa moto umemzunguka kichwa. Hakuna mtu mwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbona hakuna vivuli, na sakafu kama imesimamishwa wima?
Jengo limechorwa kwa mbele, zulia kwa juu. Kivuli kingeficha chumba, na hapa kila chumba kinahesabiwa.

Kuchora Nabii si haramu?
Wanazuoni wengi wamekataza. Picha kama hizi hazikuwekwa misikitini. Zilikaa vitabuni, kwa masultani na matajiri. Hiki kilikuwa cha Sultan Husayn Bayqara, mtawala wa Herat.

Nani alitangulia, mwandishi au mchoraji?
Kwa kawaida mwandishi wa hati. Aliandika beti, akaacha nafasi, mchoraji akaijaza.

Iko wapi leo?
Cairo, katika maktaba ya taifa ya Misri.