Somo: Jamu ya choya ya Karibiani, hatua kwa hatua

Kila nikiitaja jamu hii naulizwa yaleyale: inagandaje bila unga wa pektini (kile kigandishi cha jamu), mbona yangu imekuwa nyeusi, mbona yangu ni maji matupu. Naandika mara moja yakae mahali pamoja. Soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Ni choya hiihii yetu, wengine mnaiita rozela. Mmea wa Afrika, ukavushwa bahari enzi za biashara ya utumwa, na mwaka 1707 ulikuwa tayari unalimwa Jamaica. Jamaica na Trinidad wanauita sorrel, Martinique na Guadeloupe wanasema groseille pays, na ikikaribia Krismasi masoko yao yanajaa mafungu mekundu. Sisi tumeishia kwenye juisi. Wenzetu juisi wanayo na jamu wanayo, na inaniuma kuona choya inaoza shambani huku tunanunua jamu ya dukani yenye rangi ya kuchanganya. Vipimo hivi nimepewa na wifi yangu, Mtrinidadi, na ndivyo ninavyopikia mpaka leo.

Kinachopikwa si petali. Ua lenyewe hufunguka siku moja tu likanyauka. Tunachotaka ni vile vikombe vinene vyekundu vinavyobaki vimeikumbatia kokwa ya mbegu.

Mahitaji: choya mbichi nusu kilo, ipimwe ikishatolewa kokwa. Maji mililita 800. Sukari, kiasi chake kiko hatua ya 4. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iparuzwe. Karafuu 4 na kijiti kidogo cha mdalasini, vifungwe kwenye kitambaa safi. Ndimu haihitajiki, choya ina uchachu wa kutosha.

Hatua ya 1. Osha, kata kitako cha kila kikombe kwa kisu kidogo, sukuma kokwa itokee upande wa pili. Kokwa zilizokomaa na kukauka tupa au weka mbegu. Za kijani usitupe.

Hatua ya 2. Kokwa za kijani zichemshe kwenye yale maji mililita 800 kwa dakika 20, kisha chuja. Yatatoka maji yanayoteleza vidoleni. Huo utelezi ndio pektini yako, ndio utakaogandisha jamu. Yakipungua chini ya mililita 600, jazia.

Hatua ya 3. Mimina maji hayo juu ya vikombe vyekundu, weka tangawizi na viungo, pika moto mdogo dakika 20 hadi 25. Sufuria ISIWE YA ALUMINI. Hizi sufuria zetu nyingi za sokoni ni alumini, na uchachu wa choya unaila: rangi inaharibika na jamu inaonja chuma. Tumia stili au ya enameli isiyobanduka. Ponda kwa mwiko, toa kile kitambaa.

Hatua ya 4. Pima rojo kwa kikombe cha kupimia. Kila vikombe 4 vya rojo, vikombe 3 vya sukari. Sukari iingie choya ikiwa imeshalainika kabisa, yaani ukiminya kipande kwa vidole kinasagika. Ikiingia mapema, vipande vinakakamaa na havilainiki tena hata ukipika hadi jioni. Koroga moto ukiwa mdogo mpaka chembe zote ziyeyuke.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi mnapoharibu, na mimi nimeshapoteza sufuria nzima hapahapa, kwa hiyo tulia usome. Ongeza moto, jamu ichemke kwa nguvu huku unakoroga chini. Mwanzoni povu ni jepesi, la rangi ya waridi, linapanda juu haraka. Baada ya dakika kumi na kitu povu linashuka, mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole kwa kishindo kidogo. Hapo IPUA kwanza ndipo upime. Usipime huku inaendelea kuchemka, maana muda unaosubiri tone lipoe ndio unaoiua. Weka tone kwenye kisosi kilichotoka friza, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole: uso ukikunjamana, imeiva. Usipokunjamana, rudisha motoni dakika mbili, ipua, pima tena. Jamu ya moto huonekana nyepesi SIKU ZOTE. Ukingoja iwe nzito ikiwa bado jikoni, kesho utakuta gundi isiyokatika kwa kisu, nyeusi, inaonja sukari iliyoungua. Na ukiizidisha sana kwenye uchachu huu, pektini yenyewe huvunjika, ikabaki sharubati nzito isiyoganda kamwe. Iache usiku mzima kabla ya kuihukumu.

Hatua ya 6. Chupa za kioo zichemshwe dakika 10, jamu imiminwe ya moto, uache nafasi ya nusu sentimita juu, ufunge. Kisha zichemshe tena dakika 10 zikiwa zimezama majini. Ukishafungua, weka kwenye friji. Zitatoka chupa nne hivi za mililita 250.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkaka_wa_Mbagala: Dada sukari kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Mkaka_wa_Mbagala: Niliona ndefu nikaruka. Yangu imetoka zambarau inayoelekea kahawia na ina ladha kama ya msumari.

Jibu: Ulipikia sufuria gani?

Mkaka_wa_Mbagala: Ya kawaida tu, hizi za sokoni.

Jibu: Hatua ya 3, kwa herufi kubwa. Hiyo usiile, mwaga uanze upya.

Wanjiru_Jikoni: Asante sana kwa somo. Mimi niko Nairobi na nina kipimajoto cha jikoni. Kila mahali naambiwa jamu iive kwa nyuzi 104 au 105, lakini nikifika hapo yangu inakuwa ngumu kama peremende. Kipimajoto ni kibovu?

Jibu: Swali zuri, na kipimajoto chako ni kizima. Hizo 104 na 105 ni za usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Nairobi iko kama mita 1,800 juu, maji yenu huchemka kwenye 94. Kanuni ni kuongeza nyuzi 4 hadi 5 juu ya pale maji yako yanapochemka, kwa hiyo wewe ipua kwenye 98 au 99. Kabla ya kupika, chemsha maji matupu, chovya kipimajoto, andika namba uliyoiona. Kisosi cha baridi kinafanya kazi kotekote. Na kwa kuwa maji yenu hayafiki joto la huku pwani, chupa zilizofungwa zichemshe dakika 15 badala ya 10.

Mzee_Shamba: Hii ni dawa ya presha, sivyo?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Hii ni jamu, karibu nusu yake ni sukari. Ya presha muulize daktari.

Mama_Kalemie: Sisi huku Kongo majani yake tunapika, ndiyo ngai-ngai. Mimea yangu ina vikombe vya kijani, si vyekundu. Naweza?

Jibu: Mama, karibu sana. Mmea ni huohuo, aina tofauti. Uchachu upo na itaganda, ila rangi itakuwa ya kahawia nyepesi, usitegemee ule wekundu. Ongeza tangawizi kidogo. Na hayo majani unayapikaje? Hapa kwetu wengi wanayaacha shambani.

Mama_Kalemie: Yachemshe kidogo, mwaga maji ya kwanza uchachu upungue, kisha kitunguu, nyanya, mafuta ya mawese na samaki mkavu. Kwa ugali.

Jibu: Nashukuru, wikiendi hii yanapikwa.

Chui_wa_Pemba: Mimi nina choya kavu tu. Loweka halafu fuata hatua zote?

Jibu: Gramu 100 kavu, maji ya moto lita moja, ilale usiku kucha. Lakini hutakuwa na kokwa za kijani, kwa hiyo chukua mapera mawili matatu ambayo hayajaiva, yakatekate, yachemshe, uchuje, maji yake yaingie badala ya yale ya hatua ya 2. Pera bichi lina pektini nyingi. Sehemu kubwa ya lita ile itakuwa imenywewa na choya; ukijumlisha na maji ya mapera, yote yasizidi lita moja sana. Vipande havitanenepa kama vya mbichi, ni bora uvisage. Na wewe una karafuu bora mlangoni, usinunue za unga.

Nuru_Kigamboni: Kwa nini kwao ni ya Krismasi na huku tunavuna katikati ya mwaka?

Jibu: Choya husubiri mchana ufupike ndipo itoe maua. Karibiani iko kaskazini ya ikweta, mchana wao unakuwa mfupi kuliko usiku kuanzia mwishoni mwa Septemba, inachanua Oktoba, vikombe vinanenepa, Desemba iko mezani. Kwetu kusini mwa ikweta mchana unakuwa mfupi kuliko usiku kuanzia mwishoni mwa Machi, na sisi tumeipanda na mvua. Ndiyo maana ukichelewa kupanda, mti unachanua ukiwa mfupi na mavuno yanakuwa kiganjani.

Dogo_Mwanza: Weka video basi, nani anasoma yote haya?

Jibu: Aliyepata jamu.

Nuru_Kigamboni: Samahani, la mwisho. Inaliwa na mkate tu?

Jibu: Hapana! Wifi hupaka juu ya keki ya matunda, na kuku wa kuchoma akikaribia kuiva humpaka jamu hii iliyopondwa na pilipili mbuzi na chumvi. Mpake dakika tano za mwisho tu, mapema itaungua.