Namna Kijiji Kinavyoweza Kunufaika na Utalii wa Wanyamapori

Kijiji kinachopakana na hifadhi hubeba gharama ya wanyamapori mwaka mzima, mahindi yakiliwa na tembo na mbuzi wakichukuliwa na fisi, ilhali sehemu kubwa ya fedha za watalii hupita bila kusimama. Nchini Tanzania upo utaratibu wa kisheria wa kurekebisha hali hiyo, nao ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani umoja wa vijiji vinavyotenga ardhi kwa wanyamapori na kunufaika nao, utaratibu uliotokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na ambao sasa uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kazi ianze na ardhi, wala si na mwekezaji wa kambi ya watalii. Halmashauri ya kijiji iandae mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha mashamba, makazi, malisho, vyanzo vya maji na eneo litakalotengwa kwa wanyamapori, kisha mkutano mkuu wa kijiji uujadili na kuupitisha. Wafugaji, pamoja na wanawake wanaotegemea eneo hilo kwa kuni na maji, wasikilizwe kabla ramani haijachorwa, kwa sababu ugomvi hauepukiki pale mtu anapogundua kwamba njia ya ng'ombe wake imezibwa na uamuzi ambao hakuusikia. Eneo lenye thamani zaidi kwa uhifadhi mara nyingi ni ushoroba, yaani njia ya wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine: Jumuiya ya Burunge, wilayani Babati, ipo kati ya Hifadhi za Taifa za Tarangire na Ziwa Manyara, mahali ambapo wanyama hupita kwenye ardhi ya vijiji.

Baada ya hapo vijiji huunda jumuiya yenye katiba, huisajili, na kuomba serikalini haki ya matumizi ya wanyamapori, yaani ruhusa ya kunufaika nao. Afisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kumwendea kwanza.

Mkataba na mwekezaji ndipo penye faida au hasara ya miaka mingi, kwa hiyo usisainiwe kwa haraka. Jumuiya itafute mwanasheria wake yenyewe, asiyelipwa na mwekezaji, na idai nakala ya Kiswahili isomwe hadharani. Pamoja na tozo ya kila kitanda kwa usiku, mkataba uweke kiwango cha chini cha malipo ya mwaka ambacho kitalipwa hata kama wageni ni wachache. Utaje pia ajira zitakazotolewa kwa wanakijiji, zikiwemo za uongozaji watalii na upishi badala ya ulinzi na usafi peke yake, ununuzi wa mboga, mayai na nyama kutoka kijijini, kiasi cha maji ambacho kambi inaruhusiwa kuchota, na masharti ya kuuvunja.

Kuhusu mgao, naamini hapa ndipo uhifadhi unapofaulu au kushindwa. Katika hifadhi za jamii zinazozunguka Maasai Mara nchini Kenya, wamiliki wa ardhi hulipwa kodi ya pango moja kwa moja, kwa kuwa kila mmoja ana hati yake. Ardhi ya kijiji cha Tanzania ni ya wote, hivyo fedha hupitia mikononi mwa viongozi, na mwananchi hana njia ya kujua kilichoingia asipoonyeshwa. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka na isomwe mkutanoni, ikitaja kiasi kilichopokelewa na kazi iliyofanywa nacho. Kaya zenye mashamba kando ya eneo lililotengwa zifikiriwe kwanza, kwani ndizo zinazoumia. Kifuta jasho cha serikali, yaani malipo kwa mali iliyoharibiwa na wanyamapori, hakikusudiwi kuwa fidia kamili. Ni busara jumuiya igharimie uzio wa pilipili au mizinga ya nyuki, ambayo tembo huikwepa na ambayo pia hutoa asali ya kuuza.

Mwaka 2020 safari za kimataifa zilisimama kwa sababu ya UVIKO-19, na mapato ya utalii yakaporomoka. Kwa hiyo jumuiya itenge akiba kila msimu wa wageni wengi, kwenye akaunti ambayo haiguswi bila idhini ya mkutano, itakayotosha kulipa mishahara ya askari wa wanyamapori wa vijiji katika msimu ambao kambi haina mgeni.