Ukitaka Kumwita Binti Yako Chantal, Anza na Karatasi

Nina steshenari ndogo hapa Kabwe, Mbeya mjini. Natoa fotokopi, nachapa barua, najazia watu fomu. Wiki haiishi bila mzazi kuingia na kesi ya jina: cheti kinasema hivi, shule inasema vile. Majina ya Kifaransa ndiyo yanayosumbua kupita yote, na bingwa wao ni Chantal. Hilo nalijua kwa sababu lilinikuta nyumbani.

Kaka yangu ni dereva wa lori, Tunduma hadi Lubumbashi. Kuna safari foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ilimshika siku tisa, hela ya njiani ikamwishia. Mama mmoja muuza chakula akamlisha kwa mkopo mpaka lori likavuka. Madereva walimwita Mama Chantal. Wifi alipojifungua, kaka akapiga simu akiwa njiani: mtoto ni Chantal, msibadili. Mimi shangazi ndiye niliyetumwa kulipeleka jina kwa wazee Tukuyu.

Swali la kwanza la baba: "Maana yake nini?" Kwetu Wanyakyusa jina lazima liseme kitu. Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Atupele ni "ametupatia". Kwa hiyo tafuta maana kabla hujaulizwa, na usichukue ya haraka haraka. Wengi watakwambia Chantal ni wimbo, kwa kuwa kuimba kwa Kifaransa ni chanter. Nami nilijibu hivyo hivyo, nikapigiwa vigelegele. Kumbe nimedanganya wazee. Jina linatokana na mahali, na mahali penyewe pamepewa jina kwa neno cantal la Kioksitania, lugha ya kusini mwa Ufaransa. Maana yake ni jiwe.

Niliporudi kusahihisha, baba akanuna. Mjukuu aitwe jiwe? Mama alikuwa anachochea moto, akagonga figa kwa mwiko: "Na hili ni nini? Likitoka hili, chungu mtakiweka kichwani?" Kesi ikaishia hapo.

Jua pia jina lilipitia kwa nani, maana mchungaji au paroko anaweza kukuuliza. Chantal halikuanza kama jina la mtoto. Mwanamke aitwaye Jeanne Frémiot alizaliwa Dijon mwaka 1572, akaolewa na bwana mwenye himaya ya Chantal. Mwaka 1601 mume akafa kwa ajali ya kuwinda, akamwacha mjane na watoto wanne. Mwaka 1610, akishirikiana na askofu François de Sales, akaanzisha shirika la watawa mjini Annecy. Alifariki 1641, akatangazwa mtakatifu 1767. Kwa hiyo ukimwita binti Chantal unampa jina la himaya ya mume wa mtakatifu, jambo ambalo mimi lilinichekesha kidogo. Wakatoliki humkumbuka tarehe 12 Agosti. Parokiani mtaje kwa jina kamili, Yoana Fransiska wa Chantal, wataelewa. Sisi ni Wamoraviani, mchungaji wetu hakuuliza mambo ya mtakatifu. Aliuliza linaandikwaje. Laiti wote wangeuliza hivyo.

Kuhusu kupendwa kwake, usishangae mtu akikwambia ni jina la kizee. Ufaransa ni kweli. Huko sheria ya mwaka 1803 iliwabana wazazi wachague majina ya kwenye kalenda, hasa ya watakatifu, au ya historia ya kale, na uhuru wa kuchagua ulikuja 1993 tu. Chantal lilishika kasi miaka ya 1940 na 1950, likawa miongoni mwa majina ya mbele kabisa, kisha likaporomoka. Ukiita Chantal kwenye soko la Paris leo, atakayegeuka huenda ni bibi. Kongo, Rwanda na Burundi ni habari nyingine, na huku kwetu limekuja na malori wala si na ndege ya Ufaransa.

Sasa maandishi, penye balaa. "Ch" ya Kifaransa ni "sh" yetu. Mswahili akiona Chantal anasoma kama chai. Akisikia Shantal anaandika sh. Amua mapema: ama CHANTAL kama walivyo wenyewe, ama SHANTALI kwa Kiswahili. Yote mawili ni halali machoni pangu. Kosa ni kuwa nayo yote mawili. Usiongeze na Chantelle au Shantel kwa kuona yanapendeza, na Chantale yenye e mwishoni ni ya Wakanada wa Quebec.

Mtoto wetu kadi ya kliniki iliandikwa Shantal, cheti Chantali, na shule ikamsajili Chantel. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kila mmoja aliandika alichosikia. Alipokaribia mtihani wa darasa la saba ndipo tukaanza kukimbizana na wakili kwa ajili ya kiapo, na aliyekichapa ni mimi mwenyewe, bure, kwa aibu.

Mbeya tangu 2013 watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni huduma nzuri, ila cheti huandikwa kwa mkono. Basi kabla ya kwenda, chukua kipande cha karatasi, andika majina yote matatu kwa herufi kubwa, umwekee mwandishi mezani. Usimtajie kwa mdomo. Akimaliza, kabla hujasema asante, soma herufi moja moja kwa kidole. Kisha toa nakala, na karatasi ile ile uende nayo ubatizoni na shuleni. (Sisemi hivyo kwa sababu nauza fotokopi. Haya, kidogo.)

Na mpe bibi alijaribu jina kwanza, aliite kwa sauti toka jikoni hadi migombani. Kinyakyusa hakina "sh", kwa hiyo mama anaita "Santali!", na watoto wa jirani wakaisikia sandali. Binti alilia wiki nzima. Siku hizi anaitikia tu.

Mwezi uliopita alikuja dukani na fomu yake ya shule. Nikashika kalamu, akaninyang'anya. Akaandika mwenyewe taratibu, CHANTAL, ulimi nje, kisha akanigeuzia karatasi: "Shangazi, soma kwa kidole."