Somo: Kuoanisha amplifaya na sabufa za gari kwa hesabu ya omu

Transista za amplifaya zikiungua, mara nyingi mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilifungiwa sabufa zenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) pungufu kuliko inavyoweza kubeba. Hesabu yake ni ya dakika tano, na ifanyike kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 1: Anza na amplifaya

Fungua kitabu chake utafute wati za RMS (wati halisi inazoweza kutoa mfululizo) kwa kila kiwango cha omu, na omu ya chini kabisa inayoruhusiwa. Namba kubwa ya MAX iliyochapwa juu ya kasha iache. Tuseme ni ya mono (chaneli moja), inatoa wati 300 kwa omu 4 na 500 kwa omu 2, halafu jedwali linaishia hapo. Basi omu 1 ifute kabisa, hata kama itapiga vizuri kwa dakika kumi za kwanza.

Sababu ni hii: volti 30 zikipita kwenye omu 4 zinavuta ampea 7.5, kwenye omu 2 ampea 15, kwenye omu 1 ampea 30. Na kila mkondo unapoongezeka mara mbili, joto katika ukinzani uleule linaongezeka mara nne. Ndipo amplifaya inapochemka, inakata, na mwishowe inaungua.

Hatua ya 2: Pima koili za sabufa

Koili ni waya uliozungushwa ndani ya sabufa, unaosukuma koni (ile karatasi inayotikisika). Weka multimita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake kwanza, usome nyaya zenyewe zina ngapi, kisha utoe kiasi hicho katika kila kipimo. Koili ya omu 4 kwa kawaida itasoma kati ya 3.2 na 3.8, ya omu 2 itasoma 1.6 hadi 1.9. Usidhani ni mbovu: mita inapima kwa umeme wa betri, ilhali omu iliyoandikwa kwenye sabufa ni ya umeme wa mawimbi, nayo huwa juu kidogo. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imegusana ndani.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kuunganisha

Kwa mfululizo, hasi ya koili ya kwanza inaingia kwenye chanya ya koili ya pili, na omu zinajumlishwa. Kwa sambamba, chanya zote zinakaa pamoja na hasi zote pamoja. Koili zikiwa sawa, gawanya omu ya moja kwa idadi yake.

- Sabufa 1 yenye koili mbili za omu 4: omu 8 au 2
- Sabufa 1 yenye koili mbili za omu 2: omu 4 au 1
- Sabufa 2, kila moja koili mbili za omu 4: omu 16, 4 au 1
- Sabufa 2, kila moja koili mbili za omu 2: omu 8, 2 au 0.5

Tazama mistari miwili ya mwisho. Mwenye amplifaya ya omu 1 hununua sabufa moja ya koili za omu 2, ikakaa sawa kabisa. Akiongeza ya pili ya aina hiyohiyo, omu 1 haipatikani tena: ni 2 au 0.5, na hiyo 0.5 itaua amplifaya. Kwa hiyo amua mapema gari litabeba sabufa ngapi mwisho wa safari, ndipo uchague koili.

Hatua ya 4: Ukiunganisha chaneli mbili kuwa moja

Hapa wengi wanapotea. Amplifaya ikifungwa kwa alama ya BRIDGED, kila chaneli inaona nusu ya omu za sabufa. Sabufa ya omu 4 inakuwa omu 2 kwa kila chaneli. Kama kitabu kinasema omu 2 kwa stirio, basi ukibriji usishuke chini ya omu 4.

Hatua ya 5: Hakiki kabla ya kuwasha

Pima ncha za nyaya zitakazoingia kwenye amplifaya. Ulilenga omu 2 na mita inasoma 0.8? Umekosea muunganisho, rudi nyuma. Kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha hizo kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni zote zitoke nje pamoja. Moja ikirudi ndani, imegeuzwa, na besi zitauana hewani. Koili mbili za sabufa moja zikipingana, koni haitikisiki kabisa.

Hatua ya 6: Weka gaini kwa volti

Gaini ni kile kirungu cha amplifaya cha kupandisha nguvu. Chomoa sabufa, zima bass boost, weka sauti ya redio robo tatu, piga toni ya hezi 50. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: wati 500 kwa omu 2 ni kipeuo cha pili cha 1000, yaani volti 31.6 za AC. Multimita ikiwa kwenye volti za AC, gusa temino za sabufa za amplifaya, upandishe gaini hadi hapo tu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kutumia koili moja tu ya sabufa yenye mbili?*
Italia, ila uwezo wake wa wati unashuka nusu, na tabia yake ndani ya boksi inabadilika. Tumia zote.

*Nina sabufa ya omu 4 na nyingine ya omu 2. Nizifunge sambamba?*
Utapata omu 1.33, na mgawanyo hautakuwa sawa: kwenye wati 600, ya omu 2 itapokea 400 na ya omu 4 itapokea 200. Ukifunga kwa mfululizo inageuka, ya omu 4 ndiyo inayolemewa. Ni bora kila moja iwe na amplifaya yake.

*Amplifaya yangu ni wati 500 kwa omu 2 na 800 kwa omu 1. Nishuke?*
Ongezeko ni desibeli 2 tu, sikio litalisikia kwa shida. Joto na mzigo kwa oltaneta (inayochaji betri ya gari) utauona haraka zaidi. Kama sabufa ni ya RMS 500, baki omu 2.

*Shukrani kwa somo. Omu ziko sawa, lakini besi ikizidi amplifaya inakata.*
Pima volti kwenye temino za amplifaya wakati besi inapiga, kisha kwenye betri. Betri ikibaki 13.5 na amplifaya ikashuka hadi 11, umeme unapotelea njiani: kwarua rangi pale athi (waya wa hasi) inapofungwa kwenye bodi, na angalia unene wa waya. Zikishuka zote mbili, betri au oltaneta imezidiwa.