Binti wa Kigoma au Tabora anayetaka kuwa sista mwalimu: njia ilivyo

Wasichana wengi humwona sista akiwa tayari mbele ya darasa la awali, shela kichwani, chaki mkononi, wakadhani mtu huingia utawa leo na kesho anakabidhiwa watoto. Sivyo. Kuanzia barua ya kwanza hadi nadhiri za daima, yaani ahadi za utawa za maisha yote, ni kawaida kupita miaka minane au zaidi, na ualimu una masomo yake pembeni. Anayejua hivyo mapema hakati tamaa mwaka wa pili.

Anza kwa paroko wako. Yeye, katekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo ndio watakaoulizwa habari zako, kwa hiyo kama jumuiya huendi, anza kwenda kabla hujashika kalamu. Kisha chagua shirika kwa karama yake, yaani kazi na roho linayoishi. Si kila sista anafundisha: kuna mashirika ya uuguzi, kuna watawa wa ndani wanaoishi kwa sala. Tabora wapo Mabinti wa Maria, shirika lenye mizizi jimboni. Masista Weupe, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1869, ni wa kimataifa, na anayejiunga na shirika la namna hiyo ajiandae kutumwa nje ya nchi. Hudhuria semina ya "Njoo uone" ya mashirika mawili kabla ya kuamua, na ukiwa huko uliza waziwazi: wanaofundisha watoto wadogo ni wangapi, na masomo ya ualimu hutolewa kabla au baada ya nadhiri za kwanza?

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, kwa mwandiko wako. Taja parokia, elimu, wazazi, na kwa nini shirika hilo. Usimpe kaka akuandikie; mlezi wa miito, sista anayepokea waombaji, atakuhoji juu ya kila mstari.

Vyeti ndivyo vinavyokwamisha wengi. Utadaiwa cheti cha ubatizo, cha kipaimara, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, pamoja na barua ya paroko na majibu ya daktari. Cheti cha ubatizo hutolewa na parokia ulikobatizwa, hata kama sasa unaishi kwingine. Aliyebatizwa Kibondo na kukulia Urambo hana budi kurudi Kibondo au kumtuma ndugu. Ombeni nakala mpya, si ile iliyokunjwa kabatini tangu komunyo ya kwanza, kwa sababu ndoa huandikwa katika daftari lilelile la ubatizo, na nakala mpya ndiyo inayoonyesha kwamba huna kifungo cha ndoa. Angalia pia herufi za jina. "Maria Goreti" kanisani, "Mariagoreth" kwenye mtihani, "Goreth" kwenye cheti cha kuzaliwa: kwa karani hao ni watu watatu. Shughulikia hati ya kiapo ukiwa bado nyumbani, maana ukishaingia nyumba ya malezi ruhusa za kwenda mjini ni chache. Daraja la nne la kidato cha nne hukufungia vyuo vingi vya ualimu, kwa hiyo kama matokeo hayaridhishi, rudia mtihani kwanza.

Zungumza na wazazi kabla ya kuondoka, mambo mawili hasa. La kwanza ni mahari. Zipo koo, Uhani na Unyamwezini, ambako wajomba na baba wakubwa huona binti anaondoka bila chochote kurudi, na maneno yakianza anayebaki kuyasikia ni mama. Mwombe paroko au sista mzee aje akae na ukoo, si baba peke yake. La pili ni mshahara: anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Mdogo wako anayetegemea umlipie ada aelezwe sasa, asije akaijua habari hiyo siku ya kufukuzwa shule.

Hatua zenyewe: aspiranti (anayeanza kuyaonja maisha ya shirika), postulanti (mwombaji anayejiandaa kwa unovisi), novisi (anayefundwa utawa kabla ya nadhiri), kisha nadhiri. Sheria ya Kanisa haimpokei novisi asiyetimiza miaka 17. Unovisi ni angalau miezi 12 kamili, usizidi miaka 2, na anayekosekana katika nyumba ya unovisi zaidi ya miezi 3, mfululizo au kwa vipande, unovisi wake ni batili. Siku za kukosekana zikizidi 15, hufidiwa. Ndiyo maana mama mlezi wa manovisi husita kukuruhusu ukae msibani Kasulu hadi arobaini. Si roho ngumu. Nadhiri za kwanza hutolewa kuanzia miaka 18, za muda hukaa miaka 3 hadi 6 na zaweza kuongezwa hadi 9, na za daima hazitolewi kabla ya miaka 21. Novisi yuko huru kuondoka wakati wowote, na anayeondoka kwa uaminifu hajamkosea mtu.

Sasa darasa. Siku ya sista huanza saa 11 alfajiri: tafakari, Masifu ya asubuhi, Misa, kifungua kinywa, na saa 2 watoto wameshapanga mstari. Jioni ni Masifu tena, rozari na chakula cha pamoja. Madaftari 60 ukiyabeba hadi konventini, utasinzia kwenye sala. Sahihisha watoto wakiwa wanaandika, ukipita dawati kwa dawati. Kosa linalorekebishwa penseli ikiwa bado mkononi hupona upesi.

Zana za mwezi wa kwanza ni rahisi. Kata boksi vipande vya sentimeta 10 kwa 10, andika silabi moja kila kimoja. Kwa kuhesabia, kusanya vifuniko vya soda, toboa kwa msumari, funga kumikumi kwa uzi, kila mtoto apate mafungu mawili. Ncha kali zigongwe kwa nyundo kwanza.

Kosa kubwa la mwalimu mgeni ni wimbo wa "ma me mi mo mu". Darasa zima linaimba vizuri, mgeni anapiga makofi, na hakuna anayesoma. Changanya kadi, onyesha "mo" kabla ya "ma". Atakayesema "ma" alikuwa anaimba. Rudi naye kwenye sauti: m, kisha o, vidole viwili vikisogezwa pamoja mpaka vigusane. Herufi mbili kwa wiki zinatosha. R na l zisifundishwe wiki moja, maana wengi nyumbani huzichanganya. Weka angalau wiki tatu katikati. Mtoto asiyejua Kiswahili aruhusiwe kujibu kwa Kiha au Kinyamwezi, kisha umpe neno la Kiswahili alirudie. Ukimcheka au ukimshikia fimbo, atanyamaza hadi Juni.

Usibaki na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, hata kwa katekesi.

Mvua ikianza kupiga bati, usishindane nayo kwa sauti. Weka mwandiko na kuchora katika azimio la kazi la Novemba hadi Aprili, hasa vipindi vya mchana, na masomo ya kusikiliza yapeleke asubuhi.